Sanamu Isiyosema Peke Yake



Tulipokuwa tukitayarisha mchezo wa sikukuu ya parokia hapa Nyangwe, kikundi chetu kilichagua kuigiza habari za Yosefu na ndugu zake kwa vikaragosi, yaani kwa sanamu ndogo zinazoshikwa mkononi na kusemewa na mtu aliyejificha nyuma ya kitambaa. Wazo lilikuwa zuri. Watoto wa katekisimu hupenda vikaragosi, na hata mzee anayesinzia wakati wa hotuba hufungua macho sanamu inapoanza kusema.

Siku ya tatu ya mazoezi, kijana mmoja ambaye ukoo wa mama yake unatoka upande wa Pangi alikuja na kifurushi cha kitambaa. Ndani yake mlikuwa na sanamu ya mti, ndefu kama kiganja, isiyo na mikono, iliyolainika na kung'aa kwa kushikwa miaka mingi. Aliikuta katika sanduku la marehemu babu yake. Akasema kwa unyofu kwamba ingefaa kuwa mmojawapo wa ndugu kumi na mmoja wa Yosefu.

Mazoezi yalikatika hapo hapo. Wa kwanza alisema ichomwe siku ile ile, kwa kuwa ni kitu cha uchawi na hakistahili kuwa karibu na kanisa. Wa pili alisema ni ujinga kuchoma mali, maana wapo wafanyabiashara wanaopita wakitafuta vitu vya namna hiyo, na fedha yake ingetosha kununua vitambaa na ngoma mpya. Wa tatu alisema isichomwe wala isiuzwe: ipakwe rangi, ivikwe kanzu, iitwe Yuda au Rubeni, mchezo uendelee. Kila mmoja alipata wa kumuunga mkono, na jua likatua tukiwa bado tunabishana.

Niliwasikiliza wote watatu, na tangu siku ile nimelifikiri jambo hili. Kwa maoni yangu, watatu hao waliotofautiana sana walikosea kosa moja. Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyesema: hii ni nini, iliitwaje, ilishikwa na nani, na aliyeishika alisema maneno gani? Kuchoma, kuuza na kupaka rangi vinafanana katika jambo moja: vyote hukinyamazisha kitu kabla hakijasikilizwa.

Ndiyo maana naandika. Naamini kwamba kikundi cha vijana kinachotaka kucheza vikaragosi kina wajibu wa kuchunguza historia ya sanaa hiyo, na kwamba uchunguzi huo uanzie hapa kwetu Maniema. Naamini pia kwamba muda uliobaki ni mfupi.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu tunalitamka bila kulitazama. Kikaragosi ni neno lililosafiri. Asili yake ni Karagöz, jina la Kituruki lenye maana ya “jicho jeusi”. Karagöz ni mhusika mkuu wa mchezo wa vivuli wa Waturuki: sanamu bapa za ngozi, zilizopakwa rangi, huchezeshwa nyuma ya kitambaa cheupe chenye taa, na watazamaji huona vivuli vyake. Karagöz ni mtu wa kawaida, mwenye njaa na ulimi mkali. Mwenzake Hacivat ni msomi wa maneno makubwa. Na kutoelewana kwao ndiko huchekesha watu. Michezo hiyo ilipendwa hasa katika usiku wa mwezi wa Ramadhani. Humo mlichezwa pia hadithi kongwe za mapenzi zilizojulikana katika nchi nyingi za Mashariki, kama ile ya Ferhad na Şirin. Kutoka kwa Waturuki jina liliingia kwa Waarabu. Huko Misri kikaragosi cha mkononi huitwa Aragoz hata leo. Mwishowe likapanda majahazi na kufika pwani ya Waswahili.

Nasi Nyangwe tulipataje lugha yenye neno hilo? Jibu tunalijua, na halifurahishi. Kiswahili kilifika kwenye ukingo wa Lualaba pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, katika karne ya kumi na tisa. Lugha tunayosalia leo ilikuja kwa njia ile ile iliyowapeleka babu zetu pwani wakiwa wamefungwa minyororo. Hata hivyo hatukuitupa. Tuliichukua, tukaifanya yetu, tukaombea na kuimbia ndani yake. Nalitaja hili kwa sababu linamhusu yule kijana aliyetaka kuchoma. Kama tungechoma kila kilichopita mahali pabaya, tungebaki bila hata maneno ya kusalia.

Sasa tutazame kidogo mbali, ili tuelewe vizuri kilicho karibu. Katika kisiwa cha Java, Indonesia, kuna mchezo uitwao wayang. Mtu mmoja, dalang, hukaa nyuma ya pazia usiku kucha, akiongoza sanamu zote na kuzisemea zote, huku nyuma yake wapiga muziki wakimfuata. Hadithi zake kuu zimetoka katika tenzi mbili kongwe za Wahindi, Ramayana na Mahabharata. Watu wa Java walio wengi ni Waislamu kwa karne nyingi, lakini hawakuzizika hadithi hizo. Walizishika kama shule ya maadili: mtoto aliyejifunza kwamba shujaa naye huanguka kwa kiburi, au kwamba ndugu wanaweza kuangamizana kwa ajili ya kiti cha enzi, alijifunza mbele ya pazia lile. Huko Sicilia, Italia, sanamu kubwa za mti zilizovaa mavazi ya vita huigiza hadithi za mashujaa wa mfalme Karolo Mkuu, usiku baada ya usiku, na watazamaji hurudi kujua yaliyompata Rolando.

Kanisa nalo halikukaa mbali na sanaa hii. Katika Kifaransa, lugha ya shule zetu, kikaragosi cha nyuzi huitwa marionnette, na neno hilo ni namna ya kulifupisha kwa upendo jina la Maria. Mwaka 1960, katika mji wa Surakarta huko Java, bruda Mkatoliki aitwaye Timotheus Wignyosubroto alianzisha wayang wahyu, yaani wayang inayosimulia habari za Biblia. Neno wahyu lina ukoo mmoja na neno letu wahyi: ni ufunuo. Tuone sanaa hiyo ya kikristo ilisimama juu ya nini. Ilisimama juu ya utamaduni uliokuwa umejifunzwa kwa heshima: namna ya kuchonga ngozi, namna ya kuongoza sauti, mpangilio wa usiku wa mchezo. Yeyote anayetaka kumsimulia Yosefu kwa sanamu za Java hana budi kujua kwanza sanamu za Java husemaje.

Na sisi sanamu zetu husemaje? Hapa ndipo wengi hunijibu kwamba sisi hatukuwa na michezo ya vikaragosi, kwamba ni sanaa ya Wazungu na ya Waasia. Nakubali kwamba hatukuwa na pazia jeupe wala nyuzi. Lakini tujiulize kikaragosi ni nini hasa. Ni kitu kisicho na uhai, kinachoshikwa na mkono wa mtu, kikapewa sauti mbele ya watu, ili kisimulie jambo ambalo mtu mwenyewe angeona vigumu kulisema kwa kinywa chake. Kama maana yake ni hiyo, basi jimbo letu la Maniema na majirani zetu wa Kivu wana mengi ya kuonyesha.

Mwaka 1956, kwa Wanyanga wa Walikale, mzee aitwaye Candi Rureke alisimulia kwa siku kumi na mbili utenzi wa Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, ambaye baba yake alitaka kumwangamiza. Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji, na Kahombo Mateene, msomi wa Kikongomani, waliuchapisha mwaka 1969, na leo unasomwa katika vyuo vikuu vya dunia. Msimulizi wa Mwindo hakai akasoma. Anaimba, anacheza, anaigiza, na mkononi ameshika conga, usinga ambao ndio silaha na msaada wa Mwindo mwenyewe. Kitu kile kikiinuliwa, watazamaji hawaoni tena mzee wa kijiji, wanamwona Mwindo. Na hadithi haiishii katika ushindi. Mwindo anapojivuna kwa nguvu zake, huchukuliwa mbinguni, akaadhibiwa kwa jua na baridi na mvua, akafundishwa kuheshimu viumbe. Ndipo anarudi kutawala kwa haki. Kijana gani wa leo, mwenye nguvu kidogo na simu mkononi, asiyehitaji kuisikia hadithi hiyo?

Karibu zaidi nasi wako Walega, ambao sehemu yao wanaishi Pangi, katika jimbo letu hili. Chama chao cha bwami kilikuwa na ngazi za kupanda, tano kwa wanaume, ya juu ikiitwa kindi, na tatu kwa wanawake, ya juu ikiitwa bunyamwa. Mtu hakupanda kwa ubavu. Alipanda kwa kufundishwa, na mafundisho yalitolewa kwa methali, kwa wimbo, kwa dansi na kwa vitu: sanamu ndogo za mti na za pembe, vinyago vidogo, manyoya, magamba, makaka ya konokono. Biebuyck, aliyekaa kwao mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika jinsi vitu hivyo vilivyotumika. Kinyago hakikuvaliwa usoni tu. Kilishikwa mkononi, kilifungwa kwenye mkono au kichwani, kilitundikwa uani pamoja na vingine, hata kilikokotwa chini kwa ndevu zake za nyuzi, kulingana na jambo lililokuwa likifundishwa. Sanamu yenye vichwa vingi huitwa Sakimatwematwe, Mwenye Vichwa Vingi, na methali yake yamhusu aliyemwona tembo ng'ambo ya mto mkubwa: mwenye hekima hutazama pande zote. Sanamu ya mwanamke mwenye mimba ilitolewa kuonya juu ya uzinzi na fujo unazoleta nyumbani. Mwalimu aliiinua, akaichezesha, akaisemea, na waliokuwepo walielewa, kila mmoja kwa ngazi yake.

Ikiwa huo si mchezo wa vikaragosi wenye hekima kongwe ndani yake, mimi sijui tuuite nini.

Walega wana pia mutanga, kamba ndefu inayotundikwa vitu vidogo vingi, na kila kitu kina methali yake. Mzee hugusa unyoya, methali hutoka; hugusa kipande cha mti, methali nyingine hutoka. Vijana wa Xaveri wanaosoma ukurasa huu watafurahi kujua kwamba Padri Georges Defour, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye alianzisha Xaveri huko Bukavu mwaka 1952, ndiye pia aliyeandika kitabu kuhusu kamba hiyo ya hekima, La Corde de la sagesse lega. Padri yule yule aliyewafundisha vijana kuishi kwa furaha na nidhamu aliketi pia mbele ya wazee kujifunza methali zao. Vivyo hivyo kwa Wasukuma wa Tanzania, wanaojulikana kwa sanamu za mti zenye viungo vinavyochezeshwa katika mashindano ya ngoma, ni padri Mmisionari wa Afrika, David Clement, aliyeanzisha jumba la makumbusho la Bujora karibu na Mwanza, ili mali ya watu hao isipotee. Hawa hawakuona kwamba kumtangaza Kristu kunawadai kufumba masikio.

Najua pingamizi, wala silidharau. Wapo watakaosema: lakini bwami ilikuwa na mambo mengine. Ni kweli, na mchunguzi mwaminifu hafichi. Kupanda ngazi kulihitaji mali nyingi, na maskini alibaki chini. Vitu vingine vilidhaniwa kuwa na nguvu ndani yake, na unga uliokwanguliwa kwenye sanamu za pembe ulinywewa kama dawa. Mkristo anapokuta hayo, ana haki na wajibu wa kupambanua. Lakini kupambanua ni kutenganisha, na hakuna awezaye kutenganisha mchele na pumba kwa kuchoma gunia zima. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, ulifundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Na sisi Wakongomani, ambao Roma ilitukubalia mwaka 1988 namna yetu ya kuadhimisha Misa, tungekuwa watu wa ajabu kama tungecheza mbele ya altare na kuogopa methali za babu zetu.

Tukumbuke pia nani aliyetangulia kutuambia kwamba vitu hivyo vyote ni vibaya. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliipiga bwami marufuku mwaka 1948. Haikufanya hivyo kwa kupima methali moja moja. Iliogopa watu wanaokutana bila ruhusa yake na kuwatii viongozi wasioteuliwa nayo. Sanamu zilifichwa, ziliharibiwa, au zilichukuliwa. Leo anayetaka kuona sanamu nyingi za Walega kwa pamoja anaweza kuziona Ulaya na Marekani, ndani ya makabati ya vioo, zikiwa na taa nzuri na maandishi mafupi. Zimetunzwa vizuri, lakini hakuna anayezichezesha wala kuzisemea. Hapo ndipo lilipo kosa la kijana wa pili, yule wa kuuza. Anayenunua sanamu hainunui methali yake, kwa sababu methali haimo ndani ya mti. Imo ndani ya mzee ambaye bado yu hai, huku kwetu, na ambaye hakuna mtu anayemtembelea.

Basi tuchunguze namna gani? Mji wetu wa Nyangwe unaweza kutufundisha. Daudi Livingstone alifika hapa mwaka 1871, akaishiwa karatasi. Akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino wa mmea, mistari yake ikikatiza mistari iliyochapwa. Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka huo aliona watu wa misafara wakifyatua bunduki katika soko letu, ambalo lilijaa wanawake waliokuja kuuza na kununua, na mamia ya watu wakafa kwa risasi au kwa kuzama Lualaba. Habari hiyo iliitikisa Ulaya. Lakini ile iliyosomwa huko ilikuwa imenakiliwa upya na kusafishwa. Kurasa za gazeti zilififia hata zisisomeke, mpaka wataalamu walipozipiga picha kwa mwanga wa pekee, na mwaka 2011 maandishi ya kwanza yakatangazwa. Ndipo ikaonekana kwamba Livingstone aliandika mambo ambayo hayakuingia sawasawa katika kitabu kilichochapishwa, hasa juu ya watu aliokuwa nao mwenyewe.

Mafunzo ninayoyapata ni mawili. La kwanza: habari iliyosafishwa isitutosheleze, tutafute ile ya mwanzo, hata kama imeandikwa vibaya. La pili linaniuma zaidi. Mauaji yale ya soko letu yanajulikana duniani kwa daftari la mgeni mmoja. Wanawake wa soko lile walikuwa na majina, na walionusurika walisimulia. Nani aliandika walichosema? Hilo likitokea tena kwa sanamu, methali na michezo yetu, safari hii hatutaweza kumlaumu mgeni. Tunajua kuandika. Tuna madaftari, na wengine wetu wana simu zinazorekodi sauti.

Kwa hiyo nashauri mambo machache kwa kila kikundi. Twendeni kwa wazee wawili wawili, si umati. Tuombe ruhusa kabla ya kurekodi. Tuandike jina la kitu katika lugha ya wenyewe kwanza, kiwe cha Kilega, cha Kizimba, cha Kibangubangu au cha Wagenya wetu wa mtoni, kabla ya kulitafsiri. Tuulize nani alikishika, mbele ya nani, kabla ya kitu gani na baada ya kitu gani, na ni maneno gani yaliyosemwa. Wazee wawili wakitofautiana, tuandike maneno ya wote wawili. Mwenye Vichwa Vingi atatuelewa. Na mzee akisema, “Hili si la kuambiwa wewe,” tuheshimu. Mtafiti asiyejua kunyamaza hatapewa la pili.

Tuwaalike pia jirani zetu Waislamu, ambao ni wengi Nyangwe na Kasongo. Wazee wao wanajua hadithi za Abunuwasi na habari za misafara ambazo sisi hatuna. Karagöz alichekesha watu katika usiku wa Ramadhani. Si vibaya yeye atukutanishe uwanjani.

Na ile sanamu? Jioni ile niliomba tusiamue. Jumapili iliyofuata tulikwenda wanne, pamoja na kijana mwenyewe, kwa nyanya yake mzaa mama, mjane wa yule mzee mwenye sanduku. Alitupokea vizuri. Kijana alimpa kifurushi kwa mikono miwili. Mama mzee alikifungua, akaishika sanamu, akaizungusha polepole, kisha akacheka kicheko kifupi kama cha mtu aliyekutana na jirani wa zamani. Tukamwuliza, “Mama, huyu ni nani?”

Alikaa kimya kitambo. Kisha akatuambia kwamba sanamu hii haisemi peke yake. Ilikuwa na wenzake ndani ya kikapu. Hutolewa moja, ikafuata nyingine, na kila moja hujibu iliyotangulia. Wenzake walikwenda wapi? Moja alipewa ndugu aliyehamia Kindu. Nyingine ziliuzwa mwaka wa njaa. Nyingine zilichomwa na mtoto wake mwenyewe alipoongoka, na yeye hakumzuia, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Alibaki na wimbo mmoja tu anaoukumbuka wote. Akatuimbia. Mjukuu wake, aliyezaliwa katika nyumba ile, alikuwa hajausikia hata siku moja.

Wimbo ule siuandiki hapa, kwa kuwa hakutupa ruhusa ya kuuchapisha. Umo katika daftari la kikundi. Mchezo wa Yosefu tuliucheza kwa vikaragosi vya vitambaa tulivyoshona wenyewe, na watoto walicheka na kulia kama tulivyotumaini. Sanamu ilirudi kwa mama mzee, mikononi mwake na si sandukuni. Kila Jumapili ya pili vijana wawili humtembelea. Amekwisha kukumbuka methali nne.

Ndugu zake Yosefu walimtupa kisimani, kisha wakamwuza, kisha wakachovya kanzu yake katika damu ili baba aamini kwamba amekufa. Miaka mingi baadaye walisimama mbele yake wakiwa na njaa, bila kujua kwamba huyo anayeweza kuwalisha ni yule waliyemwuza. Nalifikiri hilo kila ninapoikumbuka jioni ile ya mabishano. Nasi tuna njaa ya hekima, na ghala haliko mbali.

Maswali ya kutafakari kikundini

1. Katika familia zetu, ni kitu gani cha wazee kilichochomwa, kuuzwa au kusahauliwa bila mtu kuuliza maana yake? Nani bado anaweza kutueleza?

2. Tunapokuta desturi ya zamani, tunapambanuaje lililo jema na lisilofaa? Nani anapaswa kushirikishwa katika upambanuzi huo?

3. Kabla ya mchezo wetu ujao, ni mzee gani tutamtembelea kwanza, na ni vijana gani wawili watakwenda?